Kabla ya Biko Kulikuwa na Makmende

Mtaani kwetu Umoja, neno Makmende lilikuwepo kabla ya video. Ukipanda kwenye tangi la maji ukijifanya unaweza kuruka, mtu mzima angekuuliza: kwani wewe ni Makmende? Inasemekana lilizaliwa miaka ya tisini. Maneno matatu ya Clint Eastwood yaliingia masikioni mwa watoto wa Nairobi waliokuwa wakitazama kanda bila kushika Kiingereza chote, yakatoka hivyo.

Machi 2010, Just a Band wakatoa video ya Ha-He. Jim Chuchu, mmoja wa wanabendi, aliiongoza pamoja na wenzake. Mimi niliiona kwenye skrini ya mathree, nimebebwa magotini ili mamangu alipe nauli ya mmoja. Jamaa mwenye afro na kitambaa kichwani anaingia mtaani, anatandika genge, basi. Wiki hiyo nchi nzima ilikuwa inatunga mizaha yake. Sisi watoto tulipigana makonde hadi mtu akavuja damu.

Watu wakieleza safari ya Chuchu, huwa wanaieleza kama ngazi: alianza na mchezo, akakua, akawa serious. Mimi siioni hivyo. Nikizitazama kazi zake kwa mpangilio, naona swali moja linalorudi: nani ana ruhusa ya kumhukumu mwenzake?

Chukua Stories of Our Lives ya 2014. Ni filamu fupi tano ndani ya moja, nyeusi na nyeupe, zilizotokana na visa ambavyo The Nest Collective ilikusanya kutoka kwa Wakenya wanaopenda watu wa jinsia yao. Ilionyeshwa Toronto mwezi wa Septemba, na waliokuwa wameificha majina yao wakajitokeza. Huku nyumbani bodi ya filamu ikaikataa, na mtayarishaji George Gachara akakamatwa. Mwaka uliofuata, Berlin ikaipa tuzo ya majaji wa Teddy. Nimeiona, usiniulize wapi. Kipande kinachonikaa ni cha mwanamke anayewaza usiku kucha njia za kutoroka na mpenzi wake, siku watu watakapokuja mlangoni. Hao watu ni majirani. Yaani, ni mimi na wewe tukiwa wengi.

Halafu 2016 ikaja Tuko Macho, mfululizo uliotoka Facebook. Mtu anayeitwa Biko anateka wahalifu wa Nairobi, anawaweka mbele ya kamera, na wananchi wanaamua kwa kura kama wana hatia. Huyu ni Makmende amerudi, ila bila afro na bila kicheko. Kazi ni ileile ya kusafisha mtaa. Tofauti ni kwamba 2010 tulikaa tukashangilia, na sasa Chuchu anatuletea bili.

Ina makosa. Biko anahubiri sana, na kuna mahali unatamani anyamaze kamera ifanye kazi. Wahalifu wengine wamechorwa haraka, kama picha za kitambulisho. Polisi anayemfuata ndiye mtu kamili zaidi, na angepewa nafasi zaidi. Lakini mahali pa kuionyesha hapakuwa na kasoro. Ukiwa sinema, ukitoka umetoka. Facebook, chini ya kipande kuna sanduku la maoni, na kidole kiko hapo tayari.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliandika neno moja: hatia. Nikapata laiki nyingi kuliko nilivyowahi kupata maishani.

Kila mtu wa Eastlands anajua kulikuwa na kurasa nyingine kwenye Facebook hiyohiyo. Picha ya kijana, jina lake la mtaa, onyo kwamba siku zake zinahesabika. Maoni chini yake yalifanana na yetu: aende, tumechoka, asante afande. Mwaka uliofuata niliona hapo sura ya mtu niliyekaa naye dawati moja shule ya msingi. Alikuwa mwizi wa simu, sitamtetea. Yangu aliwahi kuirudisha alipojua ni yangu. Nilisoma maoni yote mpaka chini nikitafuta mtu mmoja aliyeuliza kama kuna kesi, kama kuna korti. Hakukuwa na yeyote. Na mimi sikuandika kitu. Wiki tatu baadaye tulichangia jeneza.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, kwa hivyo sikufundishwa jinsi ya kusoma filamu. Nimejifunzia kwenye mathree, kwa simu yenye ufa, na kwenye mazishi yale. Kwa hivyo nipime kwa hayo: msanii wa maana kwangu ni yule ambaye kazi yake ya pili inaharibu utamu wa ile ya kwanza, na bado unazihitaji zote mbili.

Majuzi niliwawekea wadogo zangu Ha-He. Walicheka, wakaanza kurushiana makonde sebuleni. Sikuwazuia, kwa sababu ile video bado ni moto. Lakini mdogo aliponiuliza, "Sasa wale wabaya walienda wapi?", nilizima simu, nikamwambia akale kwanza.