Baridi Haikuwasha Moto: Juu ya Vitabu vya Wolfgang Behringer



Mvua ya mawe ikiharibu shamba, mwenye shamba huuliza: ni nani aliyetufanyia hivi? Swali hilo ni la zamani, wala si la nchi yetu peke yake. Wolfgang Behringer, aliyefundisha historia miaka mingi katika chuo kikuu cha Saarbrücken, Ujerumani, amelifuata swali hilo katika hati za kale za Ulaya. Mwaka 1987 alitoa kitabu juu ya kuwindwa kwa walozi katika Bavaria. Mwaka 2004 kingine juu ya mambo hayo katika dunia nzima. Mwaka 2007 kingine tena, Kulturgeschichte des Klimas, juu ya hali ya hewa na maisha ya watu. Tunataka kuvipima vitabu hivyo hapa, kwa sababu vinaigusa Eklezya yetu mahali panapouma.

Behringer afundisha hivi. Tangu miaka ya 1560 baridi ilizidi katika Ulaya. Wataalamu huuita wakati ule Enzi Ndogo ya Barafu. Barafu ya milima ya Alpi ilishuka mabondeni, ngano haikuiva vema, bei ya mkate ilipanda, mifugo ilikufa, na watoto pia. Watu walikuwa wakiamini tangu zamani kwamba mlozi aweza kuita mvua ya mawe. Basi wakaanza kumtafuta. Tarehe 3 Agosti 1562 tufani kubwa ya mvua ya mawe ilipiga mashamba ya kusini ya Ujerumani, na katika mji mdogo wa Wiesensteig wanawake 63 wakauawa. Mwishoni mwa Mei 1626 jalidi kali iliua mizabibu ya nchi ya Franken, nayo ilikuwa imekwisha kuchipuka. Baada ya hayo mioto ya Bamberg na Würzburg ikala mamia ya watu. Katika Ulaya yote waliouawa kwa mashitaka ya ulozi walikuwa wapata 50,000, chini ya watawala Wakatoliki na Waprotestanti vilevile.

Kazi hii yatufaa kwa njia mbili. Kwanza yaondoa uongo unaosemwa mara nyingi, kwamba mambo hayo yalikuwa ya watu wa kale wasiojua kusoma. Sivyo. Mioto mikubwa iliwaka wakati vitabu vilikuwa vikipigwa chapa, na waamuzi walikuwa wamesoma sheria katika vyuo vikuu. Pili, yaonyesha kwamba mara nyingi wanakijiji wenyewe ndio waliokwenda kwa watawala wakidai jirani yao akamatwe. Ni fundisho chungu, lakini mwandishi amelitoa katika hati, hakulibuni.

Lakini tunaona kasoro moja katika kitabu cha 2007. Chapita upesi mno kutoka jalidi mpaka moto. Msomaji asiyeangalia atakifunga akisema: kumbe, baridi ndiyo iliyoua. Hapana. Baridi haikumfunga mtu kamba. Majira yaleyale mabaya yaliwapata watu wa Kurpfalz, nchi ya Heidelberg, na watawala wao walikataa kuchoma walozi. Kitabu cha 1987 chaeleza jambo hili vizuri zaidi: katika baraza la München washauri waligombana, wengine wakitaka ukali, wengine wakitaka busara, na neno la wale wenye busara liliokoa watu. Basi anayesoma kitabu cha baridi asome na kile cha Bavaria. Cha kwanza chasema ni lini watu walitaka damu. Cha pili chasema ni nani aliyewapa, na ni nani aliyewanyima.

Na hapa tuseme bila kuficha: waliotawala Bamberg na Würzburg wakati ule walikuwa maaskofu. Katika Bamberg, mwaka 1628, meya Johannes Junius aliteswa mpaka akakiri. Kisha, kwa mikono iliyoumizwa, alimwandikia binti yake Veronika kwa siri kwamba hana kosa, na kwamba amekiri kwa sababu ya mateso tu. Barua hiyo ipo mpaka leo. Watu husema: pafukapo moshi pana moto. Katika Bamberg moshi ulitoka katika chumba cha mateso.

Tena maaskofu hao hawakukosa walimu. Mwanzoni mwa karne ya 9, Agobard, Askofu Mkuu wa Lyon, aliandika kukanusha habari za walozi waletao tufani. Yeye mwenyewe aliwaokoa watu 4, wanaume 3 na mwanamke 1, waliokuwa karibu kupigwa mawe. Walisingiziwa kwamba wameanguka kutoka merikebu za mawinguni zinazoiba mavuno. Na mwaka 1631, mioto ikiwa bado kusahauliwa, Padri Friedrich Spee, Myezuiti, alitoa kitabu Cautio Criminalis bila jina lake. Alionyesha kwamba mateso ndiyo yanayozaa walozi: anayeteswa hutaja jina, na huyo aliyetajwa akiteswa hutaja mengine. Padri Spee alikufa mwaka 1635 huko Trier, kwa ugonjwa alioupata akiwauguza askari.

Je, mambo hayo ni ya Ulaya tu? Mwaka 2001, katika Aru, huko Ituri, mamia ya watu wetu waliuawa kwa kusingiziwa ulozi. Hapakuwa na jalidi wala barafu. Palikuwa na ndimi zilizotaja majina, na mikono iliyotii.

Kwa hiyo, ndugu, mtoto wa jirani akifa, na vidole vikianza kumwelekea bibi kizee wa nyumba ya mwisho, tusingoje hali ya hewa ibadilike. Twende tukakae mlangoni pake. Wafuasi walipomwona kipofu walimwuliza Bwana Yezu ni nani aliyekosa. Hakuwapa jina la mtu, alimponya kipofu.