Birika Dirishani

Mjomba wangu aliishi kwa picha za harusi na za pasipoti, lakini hizo hakuwahi kunionyesha. Alizozitunza katika kopo la biskuti, chini ya kitanda, zilikuwa picha za vyombo vya mama yake: birika la chai, vikombe viwili, ndimu iliyokatwa, mkate wa kumimina uliobaki jana. Alizipiga nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, katika chumba cha bibi chenye dirisha la mashariki, kabla hajaenda kufungua duka.

Huku pwani jua halina subira. Likishachomoza hupanda moja kwa moja, na ile nuru laini inayoingia kwa ubavu haimalizi hata saa nzima. Kwa hiyo mjomba alipanga meza usiku. Alfajiri ikishapambazuka alizima taa ya umeme isije ikaleta kivuli cha pili, akafungua bawa moja la dirisha, akatundika kanga iliyochujuka. Sinia la bati aliliegemeza upande wa kivuli, lirudishe mwanga kidogo, kidogo tu, kwenye shavu la birika. Kisha akakaa. Filamu ilikuwa na picha 36, na harusi ya Jumamosi ilikuwa inazisubiri.

Siku moja bibi aliliona birika pale mezani, akaja na jivu na kumbi la nazi.

"Mwanangu, hilo lina masizi. Hebu nilisugue."

"Liache, mama. Ndivyo lilivyo."

Bibi akaketi ukingoni mwa kitanda, akiyaonea haya masizi yake, akangoja nasi. Mwanga ukateremka taratibu kutoka mpinini, ukafika penye mbonyeo wa siku lilipoanguka kisimani, ukatulia hapo. Mvuke ukatoka mdomoni, mwembamba kama uzi. Mjomba akabonyeza. Mara moja tu.

Miaka mingi baadaye nilikutana kitabuni na picha za Josef Sudek wa Prague, aliyepoteza mkono wa kulia kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, na ambaye kuanzia 1940 alipiga kwa miaka dirisha la karakana yake. Alipiga pia glasi ya maji, yai, kipande cha mkate. Mjomba hakuwahi kulisikia jina hilo. Natamani wangeketi pamoja asubuhi moja, hata bila lugha ya kusemezana.

Sasa tunaipiga sahani mara kumi kabla ya kuionja, na simu yenyewe inafuta kivuli kana kwamba ni doa. Kivuli ndicho kinachotuambia bakuli lina kina gani! Inaniuma, kwa sababu vyombo hivi tunaishi navyo na hatuvitazami.

Unyevu uliziharibu negativu koponi. Picha ya birika imesalia. Birika lenyewe, bibi alipofariki, liliuzwa pamoja na vyuma chakavu kabla sijafika, na sasa mbonyeo ule uko kwenye karatasi peke yake.

Ghorofa la jirani limeziba mashariki. Nuru inafika chumbani saa tatu, ikiwa imeshakuwa kali. Wiki iliyopita niliweka kikombe kimoja mezani, nikatundika kanga, nikakaa pale alipokuwa akikaa bibi.