Mizani ya Ubao: Paini na Mpingo

Fundi akipitisha randa kwenye paini, maranda hutoka marefu, yamejikunja. Kwenye mpingo chuma hulia, na kinachotoka ni unga mweusi. Ukizishika mbao hizi mbili utaapa kwamba zimefumwa kwa nyuzi mbalimbali. Isome fani ya nyuzi hizo kwa karibu zaidi, utaona sivyo.

Zote zimejengwa kwa selulosi. Selulosi, ambayo Mfaransa Anselme Payen aliitenga mwaka 1838, ni mshororo mrefu wa glukosi. Kila glukosi imegeuziwa mgongo na jirani yake, hivyo umbo hujirudia kila baada ya mbili, kama nanomita 1, na mizani haikosei. Mishororo hulala sambamba, ikashikana, ikawa fuwele yenye unene wa nanomita 3 hivi. Mwaka 1984 VanderHart na Atalla walionyesha kwamba fuwele hizo zina miundo miwili, alfa na beta. Alfa imetawala katika bakteria na baadhi ya mwani. Beta imetawala kwenye miti, ya mbao laini kama paini na ya mbao ngumu kama mpingo vilevile. Hata uzito unashuhudia: ukuta mkavu wa seli, ukiondoa matundu, una gramu 1.5 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, uwe wa paini au wa mpingo. Mpingo huzama majini kwa uchache wa matundu yake. Na balsa, nyepesi vile, wataalamu wa mimea huihesabu miongoni mwa mbao ngumu! Majina haya, laini na ngumu, yametupotosha mno.

Ila urefu hutofautiana: nyuzi za paini hufika milimita 3 au 4, za mbao ngumu huishia karibu na 1. Ndiyo maana karatasi ya mifuko ya saruji hupenda paini.

Lakini uzuri wa fani hii hujitokeza mti unapoinama. Mkaratusi hujivuta kwa upande wa juu: ndani ya seli hutandaza tabaka ambalo karibu lote ni selulosi, fuwele zake pana kuliko kawaida, zimenyooka kufuata shina. Paini hujisukuma kutoka chini: huongeza lignini, gundi ya ukuta wa seli, hupunguza selulosi, na fuwele za ukutani huzilaza mshazari. Mzigo ni ule ule, na kila mti umeutungia ubeti wake.

Ubao wa upande huo wa chini wa paini ukikauka husinyaa kwa urefu na kupinda. Unaponunua, tazama kichwa cha ubao: ukiona pete pana zenye rangi nzito upande mmoja, usiupandishe kwenye kenchi.