Mistari Miwili Ikipanda Pamoja: Moshi wa Morogoro na Vitanda vya Hospitali

Kila mwaka ikifika Julai hapa Morogoro utaisikia kauli ileile, kwenye daladala na hata kwenye semina zetu: moshi na vumbi vimezidi, ndiyo maana watoto wanalazwa kwa kifua. Mimi naiamini kauli hiyo kwa kiasi fulani. Lakini kuamini ni jambo moja na kuonyesha ni jambo jingine, na leo nataka kukosoa namna tunavyojaribu kuionyesha. Nasema "tunavyojaribu" kwa sababu mkosaji wa kwanza ni mimi.

Nilipokuwa naandaa utafiti wa shahada ya uzamili, nilichora grafu. Mstari mmoja ulikuwa makadirio ya setilaiti ya chembe laini hewani, mwezi kwa mwezi. Mstari wa pili ulikuwa idadi ya waliolazwa kwa magonjwa ya njia ya hewa katika hospitali moja ya mkoani kwetu. Masika ikiisha, mistari yote miwili inapanda. Nilifurahi mno, nikajua kazi imekwisha. Msimamizi wangu akaitazama kama nusu dakika, akauliza: "Na baridi umeiweka wapi?"

Sikuwa nimeiweka popote.

Hewa yetu tunaijua kiasi gani?

Tuwe wa haki kwanza: Morogoro si mji ambao haujawahi kupimwa. Mwaka 2011 Stelyus Mkoma wa SUA, pamoja na Kimitaka Kawamura na Pingqing Fu wa Japani, walikusanya chembe za hewani hapa Morogoro wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Matokeo yalitoka 2013. Chembe laini, zile zinazoitwa PM2.5 kwa kuwa kipenyo chake hakizidi mikroni 2.5 (unywele wako una unene wa mara ishirini au thelathini hivi ya hapo), zilikuwa wastani wa mikrogramu 28 kwa kila mita ya ujazo wakati wa mvua, na 39 wakati wa kiangazi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unasema wastani wa saa 24 usizidi 15. Kwa hiyo hata mvua ikinyesha, tulikuwa karibu mara mbili ya kikomo.

Walikwenda mbali zaidi. Mti ukiungua, selulosi yake huzaa aina ya sukari iitwayo levoglukosani. Dizeli haina kitu hicho, kwa hiyo ukiikuta kwenye chujio lako unajua kuna mmea uliungua mahali. Kwa alama hiyo na nyingine walikadiria kwamba asilimia 46 hadi 52 ya kaboni ogania iliyokuwa kwenye chembe hizo ilitokana na kuchoma kuni, mkaa na mimea mingine.

Sasa angalia tunavyoitumia kazi hii nzuri. Nimesoma mapendekezo ya utafiti, langu likiwemo, yanayoandika kwamba "nusu ya uchafu wa hewa ya Morogoro ni moshi wa kuni." Sivyo. Ni nusu ya kaboni ogania. Kwa uzito wa chembe zote, makadirio yao yalikuwa asilimia 8 hadi 13. Tena sampuli zilichukuliwa mahali ambapo watafiti wenyewe wamepaeleza kuwa pa kijijini, si pembeni ya stendi ya Msamvu saa kumi na mbili jioni. Na hakuna mgonjwa hata mmoja katika karatasi ile. Walituambia hewa imeundwa na nini. Hawakutuambia nani aliugua, na hawakudai hivyo. Dai hilo tumelibandika sisi.

Baridi, barabara na mwezi

Turudi kwenye grafu yangu. Juni hadi Agosti ndiyo miezi yetu ya baridi. Watu wanafunga madirisha, watoto wanabanana, mafua yanazunguka. Hayo peke yake yanaweza kuujaza mstari wa hospitali hata kama hewa ingekuwa safi kama ya kilele cha Bondwa.

Halafu kuna barabara. Masika, njia za kushuka kutoka Uluguru zinageuka utelezi. Mama wa Kinole au Tegetero mwenye mtoto anayehema haraka anaweza kuishia zahanati ya karibu, au asifike popote. Njia zikikauka, bodaboda zinapita, na rejista ya mjini inapata majina ambayo mwezi wa nne yasingefika. Kwenye grafu hilo litaonekana kama ugonjwa umeongezeka, kumbe kilichoongezeka ni usafiri. Ukihesabu vitanda, unahesabu pia nauli, bima na hali ya daraja.

La tatu ni kipimo cha muda. Athari ya chembe laini kwa mtu anayelazwa huonekana ndani ya siku moja hadi chache. Lakini taarifa za MTUHA zinazopanda juu ni jumla ya mwezi. Ukishajumlisha mwezi mzima, siku mbaya na siku nzuri zimechanganywa kwenye sufuria moja, na kilichobaki kuonekana ni msimu tu. Kitu chochote kinachofuata msimu, hata bei ya machungwa, kitapanda na kushuka pamoja na wagonjwa wako.

Bonde jingine chini ya milima

Je, kuna aliyewahi kulifanya hili vizuri? Wapo. Bonde la Utah huko Marekani limezungukwa na milima, na wakati wa baridi hewa nzito hutulia chini na kufunga moshi kama mfuniko. Palikuwa na kiwanda cha chuma kiitwacho Geneva. Agosti 1986 kilisimama kwa sababu ya mgogoro wa wafanyakazi, kikafunguliwa tena Septemba 1987. Arden Pope, mchumi wa chuo kilichokuwa humohumo bondeni, akafanya jambo rahisi: akalinganisha majira ya baridi ambayo kiwanda kilikuwa wazi na yale ambayo kilifungwa. Mwaka 1989 aliandika kwamba watoto waliolazwa kwa magonjwa ya njia ya hewa walikuwa mara mbili hadi tatu zaidi kiwanda kilipokuwa kikifanya kazi. Karatasi yake ya 1991 ikalinganisha bonde hilo na mabonde jirani ya Salt Lake na Cache.

Umeona tofauti na mimi? Baridi ilikuwepo miaka yote. Mafua yalikuwepo. Barabara zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni moshi, na kilibadilika kwa sababu isiyohusiana kabisa na afya ya mtu yeyote. Pope hakuwa na grafu nzuri kuliko yangu. Alikuwa na tarehe.

Alikuwa pia na bahati ya athari kubwa. Kwa kawaida athari ya siku hadi siku ni ndogo. Francesca Dominici na wenzake mwaka 2006 walichunguza wazee milioni 11.5 wa Marekani katika kaunti 204. Kila chembe laini zilipoongezeka kwa mikrogramu 10, waliolazwa siku hiyohiyo kwa moyo kushindwa kufanya kazi waliongezeka kwa asilimia 1.28. Sasa chukua wodi yetu inayolaza, tuseme, watu 4 kwa siku. Asilimia 1.28 ya 4 ni mgonjwa mmoja wa ziada kila baada ya siku 20 hivi. Ajali moja ya basi inaweza kuchukua vitanda hivyo na kufuta kila kitu. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye rejista ya mwaka mmoja akikuambia "hakuna uhusiano," usimwamini. Na akikuambia upo, mkubwa na dhahiri, usimwamini pia.

Nani amevuta nini

Lakini kosa linaloniuma zaidi si la takwimu. Ni kudhani kwamba watu wote wa Morogoro wanavuta namba moja. Bibi wa Mgeta anapikia ndani kwa sababu nje ni baridi, na kwenye jiko la kuni lisilo na bomba chembe laini hufika mamia ya mikrogramu. Kwake yeye, tofauti ya 28 na 39 ya nje ni kama tone kwenye mtungi. Mama lishe wa Msamvu anavuta mkaa na dizeli pamoja. Mhadhiri mwenye mtungi wa gesi anavuta hewa nyingine kabisa. Tunawapa wote watatu namba ya setilaiti, kisha tunashangaa uhusiano kuwa dhaifu. Anayevuta zaidi ndiye pia aliye mbali zaidi na kitanda cha hospitali, kwa hiyo kipimo chetu kinampoteza mara mbili.

Hapa kuna jambo lisilosubiri. Serikali ilipiga marufuku taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kutumia kuni na mkaa kuanzia mwisho wa Januari 2024. Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania. Maana yake ni kwamba Geneva yetu inafungwa sasa hivi, jiko moja baada ya jingine, na kila jiko lina tarehe yake. Shule moja imebadilisha, ya jirani bado. Wapishi ni walewale, baridi ni ileile, barabara ni ileile.

Ukitafuta mada ya utafiti, acha kwanza rejista za wodi. Nenda kwenye jiko la shule ambalo halijabadilisha. Mvalishe mpishi kipimo kidogo cha chembe, andika kikohozi chake na uwezo wake wa kupuliza, siku kwa siku, na rudi baada ya gesi kufika. Watu 40 waliopimwa kabla na baada watakufundisha zaidi ya grafu yangu yote. Na kama wewe ni mhudumu unayejaza rejista, tarehe na mtaa unavyoviandika kwa mkono ni dhahabu, tunaomba usiviruke.

Moshi ukishaondoka tutashangilia wote, mimi wa kwanza. Ila kipimo cha "kabla" hakirudi. Mwaka 2034 mtu atauliza zile fedha zote zilimponya nani, na hatutakuwa na jibu ila mistari miwili iliyopanda pamoja.