Chombo Kisicho na Jina: Meli za Kushushia Vifaru na Mipaka ya Fasihi ya Vita

Fasihi ya Vita Kuu ya Pili imezipa manowari majina na haiba, lakini chombo kilichobeba sehemu kubwa ya vita hivyo kilibaki namba. Meli za kushushia vifaru ufukoni, LST kwa kifupi, ziliundwa Marekani zaidi ya elfu moja, kila moja ikiwa na urefu wa mita 100 hivi na mwendo wa maili 12 za baharini kwa saa ilipojitahidi sana. Jeshi la majini la nchi hiyo lilizipa zilizosalia majina ya wilaya mwaka 1955, miaka kumi baada ya vita kwisha. Mabaharia wenyewe walizifasiri herufi hizo tatu kwa dhihaka: shabaha kubwa ya mwendo wa pole. Pengine dhihaka hiyo ndiyo fasihi bora zaidi ya meli hizi hadi leo.

Kwa nini riwaya imezikwepa? Mfano wa William Golding una uzito wa pekee, maana yeye hakukosa maarifa. Aliongoza chombo cha kushushia vifaru kilichogeuzwa kuwa cha kurushia roketi, huko Normandy Juni 1944 na Walcheren Novemba mwaka huohuo. Hata hivyo, mwishoni mwa Lord of the Flies (1954) kinachowangoja watoto baharini ni kruza nadhifu, na katika Pincher Martin (1956) mhusika mkuu ni ofisa wa distroya. Kusema kwamba huo ni uhuru wa msanii ni kulikwepa swali. Kejeli ya kruza inahitaji unadhifu wake: ustaarabu unaowaokoa watoto waliouana nao umo safarini kuua. Chombo chenye tumbo bapa, kinachoyumba hata katika mawimbi madogo na kunuka dizeli na matapishi ya askari, hakidai ustaarabu wowote. Kejeli haipati cha kukivua.

Kiswahili kina neno linaloigusa hali ya chombo hicho vizuri kuliko istilahi za kijeshi, nalo ni kupwelewa. Kwa nahodha wa jahazi, kupwelewa bila kukusudia ni hasara na aibu. Kwa nahodha wa LST ndiyo kazi yenyewe. Nanga ya tezi huangushwa kabla ya kufika, omo hupandishwa ufukoni, milango hufunguliwa, vifaru hutoka. Kisha, katika fukwe za Normandy ambako maji hupwa mbali sana, meli hukaa juu ya mchanga ikiyangoja maji yarudi. Hofu ya saa hizo haina tendo la kuifuata, na usimulizi unaosukumwa na mapigano hauna pa kuiweka. Utenzi nao haungeweza: Shaaban Robert, katika Utenzi wa Vita vya Uhuru, anavitazama vita hivyo kwa mizani ya mataifa, na kutoka umbali huo mtu anayengoja maji haonekani.

Thomas Heggen alikaribia zaidi katika Mister Roberts (1946), ingawa meli yake ni ya shehena. Anaujua uchovu wa siku zinazofanana. Roberts anaomba mara kwa mara ahamishiwe vitani, anakubaliwa, naye anakufa nje ya jukwaa akinywa kahawa. Mauti yake yanafika kwa barua. Hapo Heggen anamnyima msomaji pigano, na huo ni ujasiri wa kisanaa. Lakini riwaya yake bado inakubali kwamba vita vya kweli viko kwingine. LST hazikuwa na kwingine. Usiku wa 28 Aprili 1944, katika mazoezi tu kwenye Ghuba ya Lyme, mashua za torpido za Wajerumani zilizamisha mbili na kuijeruhi ya tatu. Watu mamia walikufa. Tarehe 21 Mei, West Loch huko Pearl Harbor, mlipuko uliozuka kati ya meli zilizokuwa zikijiandaa kwa safari ya Saipan ulizamisha sita na kuua watu 163, na habari zake zikafichwa kwa miaka mingi. Kazi za kila siku na mauti zilikaa kwenye sitaha moja.

Matini inayoikubali hali hiyo ni shajara ya meli, ambayo wahakiki wameiachia wanahistoria. Humo huandikwa saa ya kugusa mchanga, na mstari unaofuata ni saa ya kuondoka. Kati yake ni maji kupwa na kujaa, na hakuna neno.