Neno na Mahadhi katika Nyimbo za Filamu za Kihindi

Makala haya yakusudia kuuliza swali ambalo wapenzi wengi wa nyimbo za filamu za Kihindi hawaoni haja ya kuliuliza, nalo ni hili: nyimbo hizi zapendwa kwa nini? Jawabu lisikikalo mara kwa mara ni kwamba zapendwa kwa utamu wa sauti na mahadhi, na kwamba maneno yake si kitu ila chombo cha kumpa mwimbaji jambo la kutamka. Jawabu hilo lina nguvu hasa huku kwetu pwani, ambako watu wamezihifadhi nyimbo hizo kwa moyo tangu miaka ya 1950 pasi na kukijua Kihindi. Hata hivyo twaona kuwa jawabu hilo halitoshi. Likikubaliwa hivi hivi litamfuta mshairi katika kazi aliyoifanya yeye.

Na tuanze na hiyo sauti. Lau utamu wa sauti ndio sababu, nyimbo zipendwazo kupita zote zingalikuwa za Lata Mangeshkar na Mohammed Rafi peke yao, ambao hakuna abishaye juu ya ustadi wao. Lakini Mukesh, ambaye sauti yake haikuwa na upeo mkubwa, na ambaye hata wampendao hukiri kuwa mara nyingine aliteleza katika mahadhi, ndiye aliyeuimba wimbo mkuu wa filamu ya Awaara (1951). Filamu hiyo ilipoonyeshwa katika Muungano wa Sovieti mwaka 1954 wimbo huo ulienea nchi nzima. Uliimbwa pia Uturuki na China, na Zanzibar watu wa makamo waliujua miaka mingi baadaye. Mahadhi yake ni ya Shankar na Jaikishan. Maneno ni ya Shailendra, aliyekuwa mfanyakazi wa karakana ya reli mjini Bombay kabla ya kuingia katika filamu. Shailendra hakutumia neno hata moja lililo gumu. Msemaji wa utungo huo ni mzururaji asiye na makao wala mtu wa kumngojea, na hali hiyo aitangaza kwa uchangamfu. Sauti yenye ufundi mwingi mno ingaliliharibu jambo hili, kwani mzururaji wa njiani haimbi kama manju wa ikulu. Ule upungufu wa Mukesh umelitumikia neno.

Mfano ulio bora zaidi ni wimbo wa mwisho katika filamu ya Bandini (1963), iliyoongozwa na Bimal Roy. Maneno ni ya Shailendra huyo huyo, na mahadhi ni ya S. D. Burman, ambaye hapa aliamua kuimba mwenyewe. Burman alikulia katika nchi ya Bengali yenye mito mingi, na sauti yake ni ya juu, yenye mkwaruzo, kama ya mpiga kasia mzee anayemwita mtu aliye ng'ambo. Haiwezi kuitwa sauti tamu. Tukio lenyewe ni hili: Kalyani, mwanamke aliyetoka kifungoni baada ya kuua kwa sumu, yuko gatini. Upande mmoja garimoshi lamngojea limpeleke kwa daktari kijana anayetaka kumwoa; upande wa pili meli inataka kung'oa nanga, na ndani yake yumo mgonjwa aliyempenda zamani na ambaye ndiye chanzo cha maafa yake yote. Kalyani hasemi neno. Wimbo ndio usemao, na kabla haujaisha yeye amekwisha kukimbilia melini.

Sasa natutazame lugha yenyewe. Katika Kihindi, vitenzi na majina mengi huonyesha kama msemaji ni wa kike au wa kiume. Wimbo huu umeandikwa kwa sarufi ya mwanamke: msemaji ajiita mfungwa na mwandani kwa maneno yaliyo na alama ya kike. Bali auimbaye ni mwanamume, tena mzee. Msikilizaji ajuaye Kihindi hupata mambo mawili kwa pamoja: moyo wa Kalyani ukisema ndani, na sauti ya mto ukimjibu kutoka nje. Zaidi ya hayo, jina la filamu lina maana ya mfungwa wa kike, na tangu mwanzo tumelifahamu kuwa ni mfungwa wa jela. Mwishoni kabisa Shailendra alichukua neno hilo moja na kulihamisha. Mwanamke ni mfungwa bado, lakini sasa kifungo ni cha mapenzi na amekichagua mwenyewe. Filamu nzima yageuka juu ya neno hilo. Mtu akituambia kuwa maneno ya wimbo huu ni chombo tu, tutamwuliza basi ni nini kilichompeleka Kalyani melini.

Kiswahili hakina alama hizo za kike na kiume. Mfungwa ni mfungwa. Kwa hiyo hata tafsiri iliyo bora ya wimbo huu italipoteza jambo lililo kiini chake, na msikilizaji wa Mombasa asiyekijua Kihindi husikia mzee analalamika mtoni, basi. Hatusemi kwamba pendo lake ni la uongo. Twasema kuwa apendacho yeye si kile apendacho msikilizaji wa Lucknow au Delhi, ingawa santuri ni moja.

Yafaa hapa kumtaja Sahir Ludhianvi, maana yeye alikuwa mshairi wa vitabu kabla ya kuwa mtunzi wa filamu. Kwa ajili ya Pyaasa (1957), filamu ya Guru Dutt, alilichukua shairi lake la miaka ya 1940 juu ya mtaa wa makahaba. Katika kitabu, kibwagizo cha shairi hilo kilikuwa kimefumwa kwa maneno mazito ya Kiajemi ambayo mtu wa sokoni hayafahamu. Kwa filamu Sahir alikiondoa kibwagizo hicho akatia kingine cha maneno mepesi, na ndani yake akaitaja nchi ya India kwa jina. Wapo watakaosema kuwa hapo mshairi alishuka daraja. Sisi twaona alipanda. Lile shutuma lililokuwa likielekezwa kwa wasifu wa utakatifu wa Mashariki kwa jumla liligeuka likawa shutuma kwa taifa lililokuwa na miaka kumi tu ya uhuru, tena kwa lugha ambayo taifa hilo lingeielewa.

Wimbo wa mwisho wa filamu hiyo, ulioimbwa na Rafi kwa mahadhi ya Burman, una umbo la karibu sana na ghazali. Katika ghazali kina hufuatwa na maneno yasiyobadilika ambayo hurudi mwishoni mwa kila beti. Mshairi wa kwetu hatashangazwa na jambo hilo, kwani neno wanalolitumia wao kwa kina, yaani qafia, ni lile lile la elimu ya ushairi ya Kiarabu. Katika wimbo huu maneno yanayorudi ni swali la kuidharau dunia, naye mshairi aliyedhaniwa amekufa asimama mlangoni mwa ukumbi ambamo watu wanamlilia kwa unafiki, akilirudia. Mahadhi yaanza chini, karibu na usemi wa kawaida. Kila swali lirudipo, ala huongezeka. Kisha katika ubeti wa mwisho mshairi aacha kuuliza, aanza kuamuru dunia hiyo iteketezwe, na ni hapo tu ndipo sauti ya Rafi ifikapo juu kabisa. Mahadhi hayakuupandisha wimbo kwa hiari yake. Sarufi ndiyo iliyoupandisha, ilipotoka katika kuuliza ikaingia katika kuamuru.

Na katika wimbo huu msikilizaji wetu si mgeni kabisa, kwa sababu neno dunia alisikia kila lirudipo. Lugha ya nyimbo hizi, ambayo ni Kihindustani chenye Kiurdu kingi, ilipata maneno mengi ya Kiarabu kwa njia ya Kiajemi, nasi tukayapata kwa njia ya bahari. Wakati, insani, kitabu, safari na mahaba yote yamo. Filamu ziitwazo Waqt (1965) na Safar (1970) hazikuhitaji mkalimani gatini Mombasa. Lakini udugu huu wa maneno una mitego yake. Neno gharib likisikika, Mswahili hufikiri ni gharibu, mtu mgeni, kumbe mwimbaji alikusudia maskini. Tungependa kujua ni machozi mangapi yaliyomwagwa pwani kwa ajili ya mgeni ambaye hakuwamo katika wimbo.

Lawama iliyobaki ni ile ya kuwaita wezi washairi wetu waliotia maneno ya Kiswahili katika mahadhi ya Kihindi. Hapa jina la Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, halikosi kutajwa, na pamoja naye ndugu yake Ahmad Nassir Juma Bhalo, mtunzi wa Malenga wa Mvita (1971), aliyemtungia nyimbo nyingi. Watoao lawama hiyo wasahau kuwa hata Bombay desturi ilikuwa mtungaji wa mahadhi kutangulia na mshairi kufuata, akipima maneno yake juu ya sauti zilizokwisha kupangwa. Sahir alijulikana kwa kulichukia jambo hilo, na ndiye aliyeshikilia kwamba redio ya India itaje na jina la mtunzi wa maneno, si la mwimbaji na mpangaji wa mahadhi tu. Hata waimbaji hawakutajwa daima: santuri ya wimbo maarufu wa Mahal (1949) ilitolewa kwa jina la Kamini, mhusika wa filamu, hali mwimbaji alikuwa Lata.

Tofauti ni kwamba mshairi wa Mombasa alikuwa na kazi ngumu zaidi. Mwenzake wa Bombay hupima uzito wa silabi, ndefu na fupi. Yeye amezoea kuhesabu mizani, nane kwa nane. Tena Kihindi kina maneno mengi yanayokomea kwenye konsonanti. Moyo kwao ni dil, silabi moja. Mapenzi ni pyar, silabi moja pia. Mahali ambapo mpangaji wa mahadhi aliacha sauti moja ndefu kwa neno moja fupi, Mswahili ana moyo wa silabi mbili na mapenzi ya silabi tatu. Ama aigawe sauti hiyo, na mahadhi yabadilike, ama aliache neno alilolikusudia na kutafuta jingine, na maana ibadilike. Kila wimbo wa aina hiyo umejaa maamuzi kama haya, na yote yaweza kuonekana kwa kuziweka santuri mbili pamoja na kuzisikiliza silabi kwa silabi.