Fundi Asiyekimbilia Bisibisi

Fundi redio hodari utamjua kwa muda anaokaa na mashine kabla ya kushika bisibisi.

Mteja huingia na amplifaya kwapani, deki na spika mbili kwenye kiroba na hukumu tayari mdomoni: "Fundi, spika ya kushoto imekufa." Mwenye pupa angeanza kufungua papo hapo. Mzee ninayemsifu hapa huuliza kwanza: "Ilianza ghafla au ilipungua kidogo kidogo, mwanangu? Ukipandisha sauti, inarudi?" Kisha hukagua kizungushio cha balansi, maana wako wateja waliorudi nyumbani bila kutoa hata senti kwa kuwa mtoto alikichezea tu.

Balansi ikiwa sawa, huzima umeme na kubadilishana waya za spika nyuma ya amplifaya: ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Huwasha na kusikiliza. Unyonge ukibaki kwenye spika ileile, mgonjwa ni spika au waya wake. Ukihamia spika ya pili, spika imesingiziwa. Hapo hurudisha waya mahali pake, akarudi nyuma hatua moja: hubadilishana pini zinazotoka kwenye deki, nyekundu ya kulia na nyeupe ya kushoto. Unyonge ukihamia upande wa pili, kosa liko kwenye deki au waya wake. Usipohama, kosa limo ndani ya amplifaya. Kila mara hugusa kitu kimoja tu, na kila jibu hufuta nusu ya mashaka.

Utaratibu huu unawezekana kwa sababu ya jinsi stereo ilivyo. Alan Blumlein, mhandisi wa EMI nchini Uingereza, aliiombea hataza Desemba 1931, na msingi wake ni njia mbili za sauti zinazokwenda sambamba. Sikio humsikia mwimbaji katikati kwa kuwa pande zote mbili zinamleta kwa nguvu sawa. Upande mmoja ukilegea, mwimbaji huvutwa kwenye ule wenye nguvu. Kwa fundi, ulinganifu huo ni neema: upande mzima ndio kipimo cha upande mgonjwa. Hata akiwa hana mchoro wa mashine, hupima nukta moja kulia, kisha nukta hiyohiyo kushoto. Pale namba za mita zinapoachana, kosa liko jirani.

Akishafungua, husubiri kapasita kubwa zimalize umeme zilioutunza. Kisha swali lake la mwanzo huanza kulipa. Sauti inayorudi ukipandisha volyumu mara nyingi huelekeza kwenye rilei, kile kidude kinacholia "ta!" sekunde chache baada ya kuwasha: vigusio vyake vimeingia weusi, na sauti ndogo haina nguvu ya kupita. Ikiwa inakwaruza na kukatika unapozungusha, mtuhumiwa ni kizungushio cha volyumu chenyewe. Ndani yake mna njia mbili za kaboni kwenye mhimili mmoja, na vumbi huweza kuziba moja na kuiacha nyingine. Hupuliza dawa ya kusafishia, akazungusha huku na huku mpaka mkwaruzo uishe. Yakishindikana hayo, huchukua kijiti cha mti na kugonga vipande taratibu, kimoja kimoja. Sauti ikiruka, huinamia na kioo cha kukuzia: ufa mwembamba kama unywele umeuzunguka mguu wa kipande pale ulipolehemiwa. Tone moja la lehemu jipya, kazi imekwisha.

Ufundi wa namna hii unastahili heshima kwa sababu haumtozi mteja spika mpya kwa kosa la uchafu. Nawe msomaji, upande mmoja wa redio yako ukinyong'onyea, badilishana waya kabla ya kununua chochote. Ila zima umeme kwanza: ncha za waya za spika zikigusana amplifaya ikiwa inafanya kazi, zinaweza kuunguza transista, na hapo fundi atakuwa na kesi mbili.